Maisha ya Ibn al-Baytar, Mwana wa Malaga Aliyezihakiki Dawa

Huenda msomaji aliwahi kuingia kwa daktari, akamweleza maradhi yake, kisha akamwona daktari yule akitoa mfukoni mwa koti lake kitabu kidogo, au siku hizi akifungua simu yake, akatafuta jina la dawa kabla ya kuandika. Wako watu katika miji yetu ambao hali hiyo huwatia shaka. Hutoka wakinong'onezana kwamba daktari yule hajui kitu, kwani lau angalijua asingalihitaji kusoma. Sisi twaona kinyume cha hayo, na kwa sababu hiyo tumependa kuwaeleza wasomaji wetu maisha ya mtu ambaye katika zama zake hapakuwa na aliyemshinda kwa kuzijua dawa, naye alikuwa akisomesha vitabu vikiwa mbele yake.

Kitabu hicho cha mfukoni si cha kusomwa tangu mwanzo hata mwisho. Ni kitabu cha kuulizwa. Majina ya dawa yamepangwa humo ili yapatikane upesi, na chini ya kila jina mna kipimo cha mtu mzima na kipimo cha mtoto, mna watu wasiofaa kupewa dawa hiyo, kama mja mzito au mwenye figo dhaifu, na mna dawa nyingine zisizopatana nayo, ambazo zikinywewa pamoja huleta madhara. Mwanafunzi wa utabibu hukichukua anapozunguka wodini, na daktari aliyezeeka katika kazi hukichukua vile vile, kwani dawa ni nyingi mno na kichwa cha mtu ni kimoja. Waingereza walikitoa chao cha taifa mwaka 1949.

Lakini kazi yenyewe ni kongwe. Matabibu walioandika kwa Kiarabu walizigawa dawa mafungu mawili. Fungu moja ni la dawa za kuchanganywa, ambazo vitabu vyake viliitwa aqrabadhin. La pili ni la dawa moja moja kama zilivyoumbwa na Mola, ikiwa ni mti, au jiwe, au kitu kitokacho kwa mnyama, nazo ziliitwa mufradat. Katika fungu la kwanza Sabur bin Sahl, aliyefariki mwaka 869, aliandika aqrabadhin iliyokuwa na nuskha kubwa na nuskha iliyofupishwa kwa ajili ya kazi, nayo ikashikwa katika mahospitali mpaka Ibn al-Tilmidh wa Baghdadi, aliyefariki mwaka 1165, alipoandika yake. Ibn al-Baytar alikuwa mtu wa fungu la pili. Kwa maoni yetu fungu hili ndilo gumu zaidi, na ugumu wake ni wa majina.

Asili ya ilimu hiyo ilikuwa kitabu cha Myunani Dioscorides, aliyeishi katika karne ya kwanza baada ya Masihi, nacho ni cha juzuu tano. Kilifasiriwa kwa Kiarabu mjini Baghdadi katika karne ya tisa na Istifan bin Basil, kikasahihishwa na Hunayn bin Ishaq. Mfasiri alikuta humo miti ambayo hakujua iitwaje kwa Kiarabu, akafanya jambo la uaminifu: aliyaacha majina yale ya Kiyunani kama yalivyo, akitaraji kwamba atakuja nyuma yake mtu atakayeyajua. Mwaka 948 mfalme wa Rumi alimpelekea zawadi Khalifa Abd al-Rahman wa Tatu huko Cordoba, na katika zawadi hiyo mlikuwa na nakala ya Kiyunani ya kitabu hicho yenye picha za miti. Katika mji ule hapakuwa na aliyeweza kuisoma. Ilingojewa mpaka mwaka 951, alipoletwa mtawa mmoja aitwaye Nikola, akakaa pamoja na matabibu wa Kiislamu na wa Kiyahudi, wakatambua jina baada ya jina.

Msomaji asidhani kuwa haya ni mambo ya starehe za wanavyuoni. Jina likikosewa, mgonjwa hunywa mti mwingine. Hapa pwani kwetu twaujua mwarubaini, ambao majani yake huchemshwa katika nyumba nyingi. Uko mti mwingine wa ukoo huo huo, unaofanana nao, uitwao mwarubaini nusu, na matunda yake ni sumu. Huo wa pili ndio ambao vitabu vya Kiarabu huuita azadirakht, na tangu Ibn Sina vimeonya kwamba matunda yake huweza kuua. Na ajabu ni kuwa wataalamu wa Ulaya walipoupa mwarubaini wa kwanza jina la kitaalamu, walilichukua jina hilo hilo la azadirakht wakaupa huo! Basi mtu asomaye jina peke yake, pasina kuutazama mti, ataangukia wapi?

Jina lake kamili ni Abu Muhammad Abdallah bin Ahmad, na lakabu yake ni Dhiya al-Din. Alizaliwa Malaga, bandari ya kusini mwa Andalus, katika miaka ya mwisho ya karne ya kumi na mbili. Neno baytar kwa Kiarabu ni tabibu wa wanyama, basi yeye ni mwana wa tabibu wa wanyama. Alisoma Seville, mji ambao Waarabu waliuita Ishbiliya, na mkubwa wa walimu wake alikuwa Abu al-Abbas al-Nabati. Mwalimu huyu astahiki tusimame kwake kidogo. Alikuwa mwanachuoni wa hadithi, mwenye kuwajua wapokezi na daraja zao, na papo hapo alikuwa na duka la mitishamba mjini. Alisafiri mpaka Misri, Hijazi, Sham na Iraki, akikusanya hadithi na akikusanya miti, kisha akaandika khabari za safari yake, na mwanafunzi wake akaja kuzitumia sana. Sisi hatuoni kuwa ni sadfa ilimu hizo mbili kukutana katika mtu mmoja. Muhadithi huuliza ni nani aliyesema, amesikia kwa nani, na je, walionana? Mwenye kuhakiki dawa huuliza yayo hayo. Ni nani aliyesema kuwa mti huu watibu ini? Je, aliuona, au aliinakili khabari kwa mwingine ambaye naye aliinakili? Mtoto wa Malaga alilelewa katika maswali hayo, akitoka na mwalimu wake mashambani nje ya Seville kuitafuta miti palipoota.

Kiasi cha mwaka 1220, yaani mwaka 617 wa Hijra au karibu yake, aliiacha Andalus, wala hakurejea. Alipita pwani yote ya Maghribi, akashuka Bijaya, akaenda Tunis na Tripoli na Barqa, kisha akavuka mpaka nchi za Warumi, akafika Antalya katika Asia Ndogo. Safari hii haikuwa ya biashara wala ya kutafuta cheo. Kila alipofika aliwatafuta watu wanaojua mitishamba, akawauliza mti huu kwenu waitwaje, watumiwa kwa maradhi gani, nao waota wapi, kisha akaenda akautazama kwa macho yake ukiwa mbichi, una majani na maua na mizizi. Mwenye kuijua kazi hii afahamu kwa nini. Dukani mti hufika umekauka na kukatwakatwa, na mizizi iliyokauka hufanana kama watoto pacha. Ndiyo sababu katika kitabu chake twakuta mti mmoja umetajwa kwa Kiarabu, kwa Kiyunani, kwa Kiajemi, kwa Kiberberi, na kwa lugha ya Wakristo wa Andalus, tena mara nyingi maneno yakiwa yameandikwa herufi kwa herufi na irabu zake zikatajwa, ili mwandishi wa nakala asije akaliharibu jina.

Kutoka huko alifika Misri, akaingia katika khidma ya Sultani al-Kamil, mpwa wa Salah al-Din. Sultani alimtegemea katika mambo ya dawa, akamfanya mkuu wa watu wote wa mitishamba katika Misri. Al-Kamil alipokuwa Damascus, Ibn al-Baytar alikuwa naye huko. Sultani alipofariki katika mji huo mwaka 1238, tabibu wetu alimtumikia mwanawe, al-Salih Najm al-Din Ayyub, naye akamtukuza kama alivyotukuzwa na baba. Mambo ya majumba ya wafalme hatutayarefusha. Lililo muhimu kwetu lilitendeka nje ya majumba hayo.

Mwaka 633 wa Hijra, sawa na mwaka 1235 au 1236, kijana mmoja wa Damascus aitwaye Ibn Abi Usaybia alikutana naye. Kijana huyo ndiye atakayekuja kuandika kitabu mashuhuri cha tarehe za matabibu, na lau si yeye tungalijua machache sana juu ya Ibn al-Baytar. Walitoka pamoja nje ya mji, wakaitazama miti mingi mahali pake ilipoota. Alisoma kwake pia ile sherehe aliyoiandika kufasiri majina yaliyomo katika kitabu cha Dioscorides. Na namna ya darasa ilikuwa hivi. Kijana alikuwa akileta vitabu kadhaa, cha Dioscorides, cha Galen, cha al-Ghafiqi wa Andalus, na vingine vikubwa vya fani hiyo. Mwalimu alianza kwa kulitaja jina la dawa kwa Kiyunani kama alivyolihakikisha katika nchi ya Warumi, kisha akaeleza kwa jumla aliyoyasema Dioscorides juu ya sifa zake na kazi zake, kisha aliyoyasema Galen, kisha walioyasema waliokuja nyuma, na wapi walikhitilafiana, na wapi baadhi yao walikosea. Yote hayo aliyasema kwa moyo. Mwanafunzi alipofungua vitabu ili kulinganisha, alikuta hakuna lililokosekana.

Na lililo kubwa zaidi ya hilo ni kwamba hakuwa akitaja dawa ila husema ipo katika makala ya ngapi ya kitabu cha Dioscorides au cha Galen, na ni ya ngapi kwa hisabu katika dawa zilizomo katika makala hiyo. Twaomba msomaji alizingatie jambo hili. Mtu aliyehifadhi kiasi hicho angaliweza kusema na akasadikiwa, nani angalimpinga? Lakini hakutaka kusadikiwa kwa heshima yake. Kila neno alilifungia anwani, ili asikiaye aende mwenyewe akatazame. Hivyo ndivyo afanyavyo daktari afunguaye kitabu mbele ya mgonjwa, na wale wanong'onao nje ya mlango hawajui walilolishuhudia.

Sasa tufike katika jambo ambalo twadhani lilimhitaji ushujaa. Katika zama zake kilikuwapo kitabu cha dawa kilichoenea sana mikononi mwa matabibu, nacho ni Minhaj al-Bayan cha Ibn Jazla wa Baghdadi. Ibn Jazla alikuwa Mkristo aliyesilimu mwaka 1074, akafariki mwaka 1100, naye alikuwa mtu mwema mwenye sifa. Kitabu chake kilipangwa kwa herufi, chepesi kutumika, kimekusanya dawa za moja moja na za kuchanganywa na vyakula. Kwa ufupi kilikuwa kile ambacho tabibu mwenye haraka hukitaka. Na ndipo penye khatari. Kitabu kikubwa kisichofunguliwa na mtu, kosa lake hulala nacho rafuni. Kosa la kitabu chepesi, kifunguliwacho kila siku katika kila mji, huingia katika kila kikombe cha dawa. Ibn al-Baytar alikipitia, akaandika kitabu kizima cha kubainisha makosa na dhana zilizomo katika Minhaj, akionyesha ambapo miti miwili imefanywa mmoja au sifa za mti huu zikapewa ule.

Kuna watu ambao hutaabika wakisikia kuwa mkubwa amesahihishwa. Huona kama kwamba heshima yake imevunjwa. Ibn al-Baytar hakumtukana Ibn Jazla, wala hakuwatukana wengine aliowarudi, na miongoni mwao wamo Dioscorides na Galen wenyewe. Sababu ya makosa aliieleza katika dibaji ya kitabu chake kikubwa, nayo ni kuwa wengi wa walioandika walitegemea karatasi na kunakili, na yeye ametegemea majaribio na kuona. Mgonjwa hapati faida kwa kuwa aliyekosea alikuwa mtu mashuhuri.

Kitabu chake hicho kikubwa ndicho kiitwacho al-Jami li-Mufradat al-Adwiya wa-l-Aghdhiya, maana yake ni mkusanyo wa dawa moja moja na vyakula, na alikiandika kwa ajili ya Sultani al-Salih. Kina milango zaidi ya 2,300 iliyopangwa kwa herufi za Kiarabu. Mingi katika hiyo ni majina tu yampelekayo msomaji penye jina jingine la mti huo huo. Dawa na vyakula vyenyewe ni kiasi cha 1,400, na waandishi aliowataja ni kiasi cha 150. Katika dibaji ameeleza makusudio yake. Alitaka kitabu kinachofaa kutazamwa usiku na mchana. Alitaka kusiwe na kukariri ila penye haja. Alichagua mpango wa herufi ili mtafutaji apate alitakalo pasina taabu. Na alitaka kumtanabahisha msomaji kila palipo na dawa iliyokosewa na wa kale au wa sasa. Kila kauli ameinasibisha kwa mwenyewe. Atakayekifungua atakuta humo vitu tuvijuavyo madukani kwetu: shubiri na sanamaki, uwatu na haba soda, mvuje, kafuri, karafuu, tangawizi. Chini ya kila kimoja atakuta safu ya mashahidi, mmoja baada ya mmoja, na mara nyingine mwishoni neno lake mwenyewe, fupi, la mtu aliyejaribu.

Hata hivyo kitabu cha ukubwa huo hakichukuliki mpaka kitandani kwa mgonjwa. Naye alilijua hilo. Akaandika kingine, al-Mughni, ambacho nacho alimtunukia al-Salih, na mpango wake ni mbali na wa kwanza. Hicho amekigawa mafungu ishirini, akaanza na dawa za maradhi ya kichwa, akaendelea na viungo vingine vya mwili, na humo mna fungu la homa na fungu la dawa za kuvunja sumu. Kwa hivyo tabibu mwenye jina la dawa mkononi huenda katika al-Jami, na tabibu mwenye mgonjwa wa sikio mbele yake huenda katika al-Mughni. Vitabu vya mfukoni vya leo vina njia hizo hizo mbili, vingine vyapangwa kwa herufi na vingine kwa viungo na maradhi.

Twataka tuwe waadilifu. Wako wachunguzi waliosema kuwa sehemu kubwa ya al-Jami imetoka katika kitabu cha al-Ghafiqi, aliyemtangulia kwa kiasi cha miaka mia, na kwamba Ibn al-Baytar ni mkusanyaji zaidi kuliko mvumbuzi. Neno hilo lina ukweli ndani yake, naye hakulificha, kwani jina la al-Ghafiqi limeenea katika kurasa zake. Lakini kukusanya kwa namna hii, kauli kupimwa kwa kauli na yote kupimwa kwa mti wenyewe, si kazi ya mnakili. Pia twasema wazi kwamba utabibu wake ulikuwa ule wa zamani wa joto na baridi na ubichi na ukavu, na mengi aliyoyapokea juu ya nguvu za dawa yamekwisha kubatilika. Asije msomaji akakifungua kitabu kile kesho akajipimia dawa nyumbani kwa vipimo vyake! Hatukumsifu kwa kuwa kila alilolisema ni sawa. Tumemsifu kwa namna alivyolitafuta.

Alifariki Damascus kwa ghafla, mwezi wa Shaaban mwaka 646. Mwezi huo huo, tarehe 23 Novemba 1248, Seville aliyosomea iliingia mikononi mwa mfalme wa Castile baada ya kuzingirwa kwa muda mrefu, na mashamba aliyozunguka na mwalimu wake yakatoka katika nchi za Kiislamu. Yeye alikuwa ameyahamishia katika kitabu. Mwenyezi Mungu amrehemu.

Baada yake kitabu hakikulala. Mwaka 1311 Ibn al-Kutubi wa Baghdadi alikifupisha, akakiita kwa jina ambalo maana yake ni mambo ambayo tabibu hana udhuru wa kutoyajua. Dawud al-Antaki, kipofu aliyefariki Makka mwaka 1599, naye aliipanga Tadhkira yake kwa herufi katika njia hiyo hiyo. Watu wa Ulaya walichelewa kukipata. Kijitabu cha mambo ya limau kilichotoka Venice mwaka 1583 kwa jina la Ibn al-Baytar kilikuwa kwa hakika maneno ya Ibn Jumay, tabibu wa Salah al-Din, ambayo Ibn al-Baytar aliyanukuu na akamtaja mwenyewe. Wafasiri ndio waliolisahau jina. Tarjuma ya Kijerumani ilitoka mwaka 1840 hadi 1842, nayo ina makosa mengi. Kiarabu chenyewe kilipigwa chapa Bulaq, Misri, mwaka 1874, na baada yake tabibu wa jeshi la Kifaransa, Lucien Leclerc, aliyeishi Aljeria, akatoa tarjuma iliyo bora kwa Kifaransa, katika juzuu tatu, tangu mwaka 1877 hadi 1883.

Liko jambo moja katika kitabu hicho ambalo hatupendi kumaliza bila ya kulisimulia. Alipopita Bijaya, Ibn al-Baytar alipata khabari za kabila moja la Waberberi lililokuwa na dawa ya mbalanga, ugonjwa wa ngozi kuingia mabaka meupe, ambao Waarabu huuita baras. Watu walikuwa wakienda kwao kutoka mbali kujitibu, nao waliificha dawa yao, baba akimrithisha mwana. Siri ile ilikuja kufichuka, ikajulikana kuwa ni mbegu za mti uitwao kwa Kiberberi atrilal, maana yake mguu wa ndege. Ibn al-Baytar aliuandika katika milango ya mwanzo kabisa ya kitabu chake, pamoja na kipimo chake na vya kuchanganywa navyo, na akaeleza sharti ambalo lingaliweza kuonekana ni upuuzi: mgonjwa akisha kuinywa akae katika jua kali, ameyafunua mahali penye mabaka, mpaka atoke jasho. Alieleza kwamba mahali pale huinuka malengelenge, kisha ngozi hurejea rangi yake, na kwamba yeye mwenyewe ameijaribu akaona athari yake.

Mbegu hizo ziliendelea kuuzwa katika masoko ya Misri kwa mamia ya miaka. Mwaka 1947 wataalamu wa Misri, Fahmy na wenziwe, walitoa ndani yake kitu safi mfano wa chumvi, na mwaka uliofuata Dk. El Mofty wa Cairo akaeleza namna alivyowatibu nacho wagonjwa wa mbalanga. Kitu hicho huitwa methokisaleni. Haifanyi kazi ya kurudisha rangi pasina mwangaza, ndiyo maana watu wa Bijaya waliwakalisha wagonjwa wao juani. Mwaka 1974 madaktari wa Boston huko Marekani walionyesha kuwa dawa hiyo, pamoja na mwangaza maalumu wa taa, yafaa pia kwa ugonjwa wa ngozi wa magamba. Tiba hiyo hufanywa chini ya macho ya daktari, kwani kipimo kikizidi, au mgonjwa akitembea juani pasipo kuamriwa, ngozi huungua vibaya, na matumizi ya muda mrefu huongeza khatari ya saratani ya ngozi. Katika vitabu vidogo vya dawa imo kwenye herufi ya M, na onyo la jua limeandikwa chini ya jina lake.